Marashi Wavaa Wewe, Ananusa Jirani

Huku kwetu Pwani marashi mapya huulizwa swali moja tu: yakaa? Ukijibu kuwa yakaa hadi kesho yake, na kanzu ikifuliwa bado yasikika, utapongezwa. Ukisema kwamba kufikia adhuhuri yamekwisha, utaambiwa umeibiwa mchana kweupe. Ni nadra mtu kuuliza yanafaa kuvaliwa wapi, au yatamkera nani. Nguvu na muda ndiyo mizani, na yanayovuma zaidi ndiyo yanayoshinda.

Nimelisikia swali hilo sana tangu mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Muscat. Mtu akitoka Muscat hutarajiwa kuleta udi, ubani au kichupa cha mafuta mazuri yaliyofungwa kwenye karatasi ya dhahabu. Yeye alinitolea mkobani marashi ya kupuliza, mepesi, ya ndimu na viungo na chai. "Mjomba, haya ndiyo ya kwendea kazini," akaniambia. "Yale mazito yako waachie maharusi."

Basi nimeyavaa kazini, sokoni, msikitini na ufuoni. Bamburi, hapa Mombasa, si mahali rahisi pa kujaribia marashi mepesi. Asubuhi kuna moshi wa mahamri na viazi karai. Ukikaribia Mtambo kuna vumbi la kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Jioni upepo wa bahari huleta chumvi na mwani hadi Barabara ya Malindi. Harufu nyepesi ikipita hapo na bado ikasikika, ina haki ya kuhukumiwa kwa makini.

Nieleze kwanza yanavyonukia. Yakishapulizwa huanza na danzi: ule mvuke mkali unaoruka ganda linapominywa, hadi macho yakalenga machozi. Hayana utamu wa peremende. Nyuma yake huja iliki iliyopondwa sasa hivi, kisha pilipili manga na tangawizi, vyote kwa kipimo cha mpishi asiyetaka kujionyesha. Baada ya robo saa hivi danzi hupungua, na chai hujitokeza. Si chai ya maziwa. Ni ile harufu ya majani makavu kopo linapofunguliwa, kavu kidogo na chungu kidogo, halafu mvuke wa chai ya rangi iliyoteremshwa mekoni. Kufikia adhuhuri kilichobaki ni kitu chepesi juu ya ngozi, ambacho hata mimi mwenyewe sikisikii mpaka nisogeze kiganja puani.

Kuna sababu ya kutokukaa huko, wala si hila ya muuzaji. Harufu za jamii ya malimau hutokana na molekuli nyepesi, mojawapo ikiwa limonini, ambazo huruka hewani upesi. Udi, sandali na miski zina molekuli nzito zinazong'ang'ania ngozi na nguo. Joto la msimu wa Kaskazi huharakisha mambo: chepesi hukimbia, kizito hufura. Kwa hiyo chupa ambayo mtu wa London angeisifu kwa saa tano, hapa Bamburi itakwenda nusu ya muda huo. Anayetaka danzi linalodumu kutwa anaomba kitu ambacho maumbile hayakukiweka ndani ya danzi.

Hukumu ya kwanza niliyopewa mtaani, hata hivyo, haikuhusu muda. Bi mkubwa mmoja, jirani yangu, alisimama mlangoni kwake akanusa, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mbona wanukia jikoni? Watu hujitia marashi wasinukie jikoni."

Nilicheka, lakini maneno yake yana uzito. Iliki, tangawizi na mdalasini kwetu si habari ya kigeni. Mchaichai umepandwa nyuma ya nyumba nyingi, nayo ndimu hukamuliwa kwenye chai ya rangi bila mtu kufikiria kwamba anafanya usanii. Mnunuzi wa Paris hulipia mchanganyiko huo kama jambo jipya. Kwetu ni saa kumi jioni. Hata tunda linalotumiwa na watengenezaji ni ndugu wa tunda letu: bergamoti, mzao wa danzi na limau, hulimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotiwa kwenye chai iitwayo Earl Grey. Bi mkubwa hakukosea alichokinusa. Tulipotofautiana ni kama harufu ya chai ya jioni inastahili kutiwa kwenye chupa na kuvaliwa na mtu mzima.

Marashi ya chai yenyewe hayana umri mkubwa. Miaka ya 1980 ilikuwa enzi ya marashi ya kelele Ulaya na Marekani. Giorgio Beverly Hills, yaliyotoka mwaka 1981, na Poison ya Dior, ya mwaka 1985, yalivuma kiasi kwamba baadhi ya mikahawa ya Marekani iliwakataza wateja kuingia wakiwa wamejipulizia. Mtu aliagiza samaki, akala maua ya meza ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jean-Claude Ellena, mzaliwa wa Grasse, mji maarufu kwa utengenezaji wa marashi, akaunda kitu cha kinyume kwa ajili ya Bvlgari, masonara wa Roma. Yakaitwa Eau Parfumée au Thé Vert, maji mepesi ya chai ya kijani, malimau na viungo. Harufu ile ya chai haikukamuliwa kutoka kwenye majani ya chai. Aliijenga kwa viambato vya maabara, hasa hedioni, iliyo ya jamii ya asumini, na kingine chenye harufu ya ua la urujuani. Baadaye yakafuata CK One ya Calvin Klein mwaka 1994 na Green Tea ya Elizabeth Arden mwaka 1999, na upole ukawa na soko lake.

Naitaja historia hiyo kwa sababu moja. Marashi haya mapole yalipata nafasi pale watu walipochoshwa na harufu za wenzao. Mkahawa ulioweka marufuku haukuwa na ugomvi na ladha ya mvaaji. Ulikuwa unamtetea aliyeketi meza ya pili.

Sasa, nani afundishe watu kuhukumu kitu chenye harufu ya chai, kama si Mombasa? Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulihamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, na huendeshwa chini ya Chama cha Wafanyabiashara wa Chai Afrika Mashariki. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine hupitia hapa kabla ya kupanda meli kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Ukipita Shimanzi, kwenye maghala, utaisikia ile harufu kavu ya magunia ya chai ikichanganyika na moshi wa malori. Ndani ya vyumba vya kuonjea, waonjaji husimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, hufyonza kijiko kimoja kwa sauti, huzungusha mdomoni, hutema, kisha husogea kikombe cha pili. Hutazama rangi, ukali, harufu, na hata majani yaliyobaki baada ya chai kumiminwa.

Jambo ninalowahusudu ni utaratibu wao. Kila daraja hupimwa kwa wenzake. BP1, yenye punje kubwa, hulinganishwa na BP1 nyingine, na D1, iliyo vumbi, hulinganishwa na vumbi. Vumbi hutoa rangi haraka na kwa nguvu, na wako wanunuzi wanaoitaka kwa sababu hiyo hiyo. Mwonjaji akiishusha bei kwa kosa la kutokuwa punje, atafukuzwa kazi. Sisi kwenye marashi tumefanya kosa hilo likawa desturi. Tumechukua kipimo cha udi tukakipachika kwenye ndimu, kisha tukaitangaza ndimu kuwa feki.

Wazee wetu walikuwa na madaraja yao pia. Mwambao huu ulijua manukato kabla Grasse haijasikika. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanj. Wanawake wa Kiswahili wamekuwa wakipika udi kwa sukari, vipande vya mti, miski na mafuta mazuri, mchanganyiko ukishika ukahifadhiwa kwenye kopo, na kila fundi akificha vipimo vyake. Udi huo ulikuwa na mahali pake: chetezo, makaa, nguo zilizotandazwa juu ya tenga, chumba kilichofungwa. Marashi ya mawaridi yalirashiwa wageni kwenye maulidi na harusi, matone mawili matatu mkononi, mtu akajipangusa usoni. Asumini na vikuba vilikuwa vya jioni, na mwenye kupaswa kuvinusa alijulikana.

Wakati wa kutovaa nao ulijulikana. Mjane aliye katika eda huacha manukato. Hujaji akishaingia kwenye ihramu huyaacha vilevile. Harufu ilisema wewe ni nani siku hiyo na umejiandaa kukutana na nani. Bibi harusi hakwenda kununua mchicha akiwa amefukizwa kama anavyofukizwa usiku wa kuingia ndani. Harufu kali ilikuwapo, tena kali kuliko chupa yoyote ya siku hizi, lakini iliwekewa mlango.

Leo chupa moja hufanya kazi zote. Ile ile ya harusi ndiyo ya benki, ya darasani, ya wodini na ya kwenye matatu. Nayo matatu ndiyo mahakama ya haki kuliko zote. Panda gari Bamburi saa moja asubuhi, mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa, mkwame Bombolulu, kisha Kongowea, kabla hata hamjaliona daraja la Nyali. Abiria kumi na wanne, na kila mmoja ametoka na lake. Mbele kuna udi wa jana, nyuma kuna marashi ya vanila yaliyopimwa dukani kwa mililita, katikati kuna kijana aliyejimwagia kopo zima la deodoranti. Kisha madirisha yafunguliwe Kongowea, machungwa na vitunguu viingie ndani, na watu wapumue kana kwamba wameokolewa.

Hapo ndipo ninaposimama. Kati ya vitu vyote tunavyovaa, marashi ndiyo pekee ambayo jirani huvaa pamoja nasi bila kuulizwa. Shati langu likiwa na rangi usiyoipenda, utageuza macho. Simu yangu ikipiga kelele, unaweza kuniomba nipunguze sauti. Harufu yangu haikupi nafasi hiyo. Ukivuta pumzi umekwisha kuivaa, na utashuka nayo Posta. Mwenye pumu hujua maana ya jambo hili kuliko mimi. Mama mja mzito anayetapika kwa harufu ya sabuni anajua. Umoja wa Ulaya umewalazimisha watengenezaji tangu mwaka 2005 kuandika kwenye pakiti viambato vinavyoweza kudhuru ngozi za baadhi ya watu, na ukisoma upande wa nyuma wa boksi utaviona: limonini, linalooli, sitrali. Hata hii ndimu yangu pole ina wa kumkera.

Dini ililiona hili zamani. Waislamu twajua kwamba kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna, na wengi tumeikamata sunna hiyo kwa mikono miwili. Tunasahau kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula vitunguu vibichi, saumu au maji, asiukaribie msikiti. Vitunguu ni halali. Haki iliyolindwa pale ni ya yule atakayesimama bega kwa bega nawe kwenye safu. Nikiyaweka maagizo hayo mawili pamoja, naona jambo moja: harufu ya mwili wa mtu ni sehemu ya adabu zake kwa watu, iwe mbaya au nzuri.

Nimtendee haki anayependa marashi makali, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Swali la "yakaa?" ni swali la mfuko. Mtu anayenunua marashi ya kupima, mililita chache kwa pesa alizozidunduliza, hana sababu ya kufurahia kitu kitakachokwisha kabla ya sala ya adhuhuri. Tena upole wa marashi yangu unategemea mambo ambayo si kila mtu anayo. Unahitaji maji ya kutosha ya kuoga, na Mombasa kuna nyumba zinazopata maji kwa mitungi ya mkokoteni. Unahitaji kazi isiyokutoa jasho. Mwanamume anayepakia saruji kutwa, au mama anayekaanga samaki mbele ya karai tangu alasiri, akijipulizia kitu kizito kabla ya kupanda gari, huenda anafanya hivyo kwa ajili yangu mimi nitakayeketi kando yake. Heshima yake kwa jirani ni kubwa kuliko ya karani aliyeoga mara mbili, akafuatiliza mipulizo minane ili ofisi nzima ijue amefika.

Kwa hiyo sisemi mapole ni ya wastaarabu na makali ni ya washamba. Hiyo ingekuwa dharau tu, iliyotiwa iliki. Ninachosema ni kwamba aulizwe jirani. Dukani tunanusa mdomo wa chupa, tunasoma jina, tunatazama bei, tunalipa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kitakachoketi kando yetu safarini. Njia iliyo bora ni kupulizia mkono mmoja, kutoka nje, kutembea juani nusu saa, kisha kumwendea mtu asiyekuogopa wala asiyekuhitaji. Mtoto wa jirani hufaa sana. Atakwambia ukweli kabla hujamaliza kuuliza. Mimi niliambiwa na mmoja kwamba nanukia "kama biskuti za kutia kwenye chai", na hadi leo sijapata uchambuzi uliokaribia huo kwa usahihi.

Kizuri hakikosi ila, na haya nayo yana zake. Mwisho wake ni mfupi mno kwa joto letu. Pale ufuoni pa Pirates, upepo ukianza kuvuma, hayasikiki kabisa, na mwani hushinda bila jasho. Yakipulizwa kwenye kanzu au shati la pamba hudumu zaidi kuliko kwenye ngozi. Isitoshe mafuta ya maganda ya jamii ya malimau yana sifa ya kuiunguza ngozi inayopigwa na jua, ingawa watengenezaji wengi siku hizi huondoa kile kiambato kinachosababisha madhara hayo. Kwa mtu wa Bamburi, basi, nguo ni salama kuliko shingo. Sifa yake kubwa ni ile saa ya katikati, iliki na chai zinapokutana kabla ya kuagana. Saa hiyo imefanywa na fundi anayejua kazi yake.

Hukumu yangu ni hii: ni marashi ya mchana, ya ofisini, ya kumtembelea mgonjwa hospitalini Makadara, ya kuketi na watu usiowajua. Hayafai harusi, wala hayafai kushindana na chetezo. Nikiambiwa niyanunue kwa pesa zangu nitayanunua, chupa ndogo, na nitayaweka kando ya udi bila kuuondoa udi.

Nawe msomaji, kama wapenda mazito, usiyatupe. Yape usiku, yape Idi, yape harusi ya dadako, yape chumba chako na aliyekubali kulala humo. Lakini saa moja asubuhi kwenye matatu ya mjini, madirisha yakiwa yamefungwa, pulizia mara moja, utosheke, utuachie hewa nasi tupumue.